Kilichompeleka Mama Hospitali

Damu ya kwanza aliiona mwishoni mwa Januari, palizi ikiwa imepamba moto. Doa dogo tu. Akalifua, akarudi kwenye jembe. La pili akalisingizia uchovu. Lilipokuja la tatu alikuwa ameishiwa visingizio: ana miaka 58, hedhi ilikoma mwaka wa tisa huo, na mwanamke wa umri wake hana tena mwezi wa kuhesabu. Lakini aseme kwa nani? Mume ameshatangulia mbele ya haki. Kifungua mimba ni mwanamume, yuko Dar es Salaam. Wa pili ni mwalimu Mbeya. Aliyebaki naye Laela ni kitindamimba, binti wa miaka 22 ambaye hajaolewa, na mambo ya namna hiyo mama hamwanzii binti. Hali ilipozidi, alichosema ni kwamba tumbo linamvuta chini ya kitovu.

Mama huyu usimtafute Laela. Ni wa kutungwa, kama walivyo akina mama wa ngano zote, na ndugu zake wametungwa pamoja naye. Ila mambo yaliyompata huwapata watu kweli, Ufipa na kwingineko, na tarakimu za utafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Machi wakapanda basi, yeye na kitindamimba, wakapita Mpui na Kaengesa hadi Sumbawanga mjini, wakaingia kwenye kituo kimoja cha mtu binafsi kinachosifika kwa mashine ya ultrasaundi. Kwenye dirisha la kuandikisha, kijana wa mapokezi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, unaumwa nini?" Nyuma yake kulikuwa na foleni, na ndani ya foleni wanaume wawili wa kijiji cha jirani wanaomfahamu. Akajibu, "Tumbo." Kijana akaandika tumbo. Kuanzia dakika hiyo, kila aliyelishika faili lile alisoma tumbo.

Nikiulizwa kosa la kwanza katika kisa hiki lilifanyika wapi, nitasema ni pale dirishani. Kijana hakuwa na ubaya. Ndivyo dirisha lilivyojengwa: limejengwa la kupokelea fedha, likapewa na kazi ya kupokea siri.

Akanyweshwa maji mpaka kibofu kikajaa, akalala, akapakwa ule ute wa baridi, picha ikapigwa kutokea juu ya tumbo. Karatasi ilitoka kwa Kiingereza, kama ilivyo ada. Ini salama. Figo salama. Kizazi kidogo, cha kawaida kwa umri wake. Upande wa kushoto, kwenye ovari, kifuko cha maji matupu, chumba kimoja, ukuta mwembamba, hakuna kitu kigumu ndani, sentimita 3.2 kwa 2.8. Ovari ya kulia haikuonekana vizuri, jambo lisilo la ajabu kwa sababu ovari husinyaa hedhi ikishakoma. Tumboni hakuna maji yaliyotuama.

Kitindamimba akaipiga picha karatasi kwa simu, akaituma kwenye kundi la familia. Kabla hawajafika Laela, ndugu walikuwa wameshasoma yote waliyotaka kuyasoma, yaani ile 3.2. "Hiyo itolewe," kifungua mimba aliandika. "Si suala la kujadili."

Nitamtetea kidogo kijana huyu, kwa sababu wasimuliaji wa visa vya aina hii hupenda kumfanya mjinga. Mama wa mfanyakazi mwenzake alikuwa amefariki kwa saratani ya ovari mwaka uliotangulia. Tumbo lilianza kujaa, wakadhani ni unene, walipopima ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Na ni kweli kwamba saratani hiyo huwa na tabia ya kujificha, na wengi hugundulika ikiwa imechelewa. Mtu aliyezika jana hawezi kusikia neno uvimbe akakaa kimya. Alichokosa ni kitu kimoja: hakujua kwamba kati ya kifuko cha maji matupu na saratani ya ovari kuna umbali mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi.

Kifuko cha aina ile ni kama lengelenge kiganjani mwa mtu aliyeshika jembe siku nzima: ngozi nyembamba, maji ndani, basi. Watu wengi huamini kwamba vifuko vya ovari ni mambo ya wasichana wenye hedhi, na kwamba vikionekana kwa bibi ni lazima pawe na jambo. Sivyo. Mwaka 2003 madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 15,106 wa kuanzia miaka 50 waliokuwa wakipimwa kwa ultrasaundi mara kwa mara. Waliokutwa na kifuko cha chumba kimoja, chini ya sentimita 10, walikuwa 2,763, karibu 18 katika kila 100. Takriban vifuko 7 kati ya 10 vilitoweka vyenyewe, bila kisu wala dawa. Wanawake 10 kati ya hao walipata saratani ya ovari baadaye, lakini kila mmoja wao ama kifuko kilikuwa kimebadilika sura, ama kilikuwa kimeshatoweka, ama saratani ilitokea kwenye ovari ya upande wa pili. Aliyebaki na kifuko chake cha maji matupu, bila kingine cha kukiongezea, hakuna hata mmoja aliyepata.

Kwa bahati, Kentucky hiyo hiyo ndiko upasuaji wa ovari ulikoanzia. Desemba 1809, Ephraim McDowell alimpasua Jane Todd Crawford nyumbani kwake, katika mji mdogo wa Danville, bila dawa ya usingizi kwa kuwa haikuwa imevumbuliwa, akamtoa uvimbe wa zaidi ya kilo 10. Mama yule aliishi miaka 32 baada ya hapo. Natamani watu wangekumbuka visa vyote viwili vya Kentucky kwa pamoja, maana kisu kinastahili heshima yake, na heshima yake ni kutumika penye kazi.

Aprili mama alipelekwa hospitali ya serikali. Daktari aliyempokea aliisoma karatasi yote, akalibonyeza tumbo, akauliza kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari. Hakuna. Akasema kifuko hiki tunakiacha, rudini baada ya miezi minne tukipime tena. Kwa habari aliyopewa, alisema sahihi kabisa. Alipewa habari ya tumbo.

Nyumbani maneno hayo yakawa na sura nyingine. "Wametufukuza." Kusubiri, kwa familia hii kama kwa familia nyingi, ni jina la heshima la kunyimwa huduma, na uzoefu wetu wa hospitali umetupa sababu za kufikiri hivyo. Hakuna aliyeiandika ile tarehe ya Agosti popote. Mama mdogo akaja kutoka Mpui na mkoba wa mizizi. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi, huo ni mchango, na mchango hauchezewi na hospitali, mtu hunywa dawa asubuhi na jioni mpaka ukate. Mama akanywa. Huku nyuma kifungua mimba akapata kituo kingine ambako hawakuona tatizo kumpasua mama yake mara moja. Julai, mavuno yameingia na bei ya mahindi iko chini kama ilivyo kila baada ya mavuno, magunia yakauzwa kwa hasara, dume mmoja naye akaenda mnadani. Siku ya upasuaji ilipofika, presha ya mama ilikuwa 190 kwa 110. Mtaalamu wa usingizi akakataa kumgusa. Wakarudi Laela na vidonge vya presha, ndugu wakigombana kwenye simu juu ya nani alichelewesha nini.

Muda wote huo damu ilikuwa ikija na kuondoka. Mizizi ilipoanza, ilikata kwa wiki mbili, mama mdogo akapewa sifa zake. Ikarudi, mama akanyamaza. Jambo linaloniumiza zaidi katika kisa hiki ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba damu ile inatoka kwenye kile kifuko. Wanawe wasomi wamesema tatizo ni uvimbe, karatasi imesema uvimbe, basi damu nayo ni ya uvimbe, na siku uvimbe ukitolewa na damu itakoma. Jibu lilikuwa limeshamfunika aliyeuliza.

Novemba mwalimu wa Mbeya akasema inatosha, akamchukua mama kwake. Kifungua mimba naye akapanda basi kutoka Dar es Salaam ili ahakikishe safari hii hawadanganywi. Wakaingia watatu kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mama wa makamo, mpole, aliyewaachia kiti cha karibu wakae wanavyotaka. Akamwamkia mama kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu."

Kifungua mimba akafungua bahasha: picha mbili, ya Machi na moja mpya ya wiki ile. Ya kwanza 3.2, ya pili 3.1. Na majibu ya damu, kipimo kinachoitwa CA-125, kimesoma 18.

Daktari akachukua karatasi nyeupe. "Mwalimu, wewe hesabu unafundisha?" "Hapana, Kiswahili." "Hii ni rahisi." Akawaeleza kanuni ambayo Ian Jacobs na wenzake waliitoa Uingereza mwaka 1990 na ambayo bado inatumika. Unaangalia mambo matano kwenye picha: vyumba vingi ndani ya kifuko, sehemu ngumu, vifuko pande zote mbili, maji tumboni, dalili za kusambaa. Hakuna hata moja, unaandika sifuri. Lipo moja, unaandika 1. Yapo mawili au zaidi, unaandika 3. Mwanamke aliyekoma hedhi anaandikiwa 3 nyingine. Kisha unazidisha vyote na ile namba ya damu. Mama ana sifuri, mara 3, mara 18.

"Sifuri," mwalimu akasema.

"Ikifika 200 au kupita, hapo sikuachi ukae nyumbani, nakupeleka kwa wapasuaji wa saratani. Mtu mwenye sehemu ngumu na maji tumboni, damu yake ikisoma 60, huyo ni 3 mara 3 mara 60, ni 540." Akaongeza kwamba hata hesabu hii haiabudiwi. CA-125 hupanda kwa sababu nyingi zisizo saratani ya ovari: moyo ulioshindwa kazi, ini lenye makovu, vivimbe vya kizazi, na kwetu huku hasa kifua kikuu kilichoshuka tumboni, ambacho huweza kuleta maji na namba kubwa mpaka familia ikaanza kupanga msiba, kumbe dawa zake zipo. Na namba ndogo nayo haiapi kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana picha husomwa yote na mgonjwa huulizwa.

Kifungua mimba hakuwa amemaliza. "Lakini daktari, kwa nini tusikitoe tu tuwe na amani?" Swali zuri, na ndilo swali ambalo wengi wenye kifuko kidogo hulala nalo. Daktari hakumcheka. Alimwambia upasuaji wa mama wa miaka 58 mwenye presha una bei yake: dawa ya usingizi, kuganda kwa damu miguuni, kujeruhiwa kwa utumbo, kibofu au mrija wa mkojo, kidonda kuchimbika, na ngiri kwenye kovu mwaka mmoja baadaye mtu akiinua debe la mahindi. Penye sababu, bei hiyo hulipwa bila kusita. Kifuko kikiwa kinakua, kikiwa na kuta ndani au nyama inayoota, kikiuma, kikipita sentimita 5, au mama akitoka kwenye ukoo wenye saratani ya ovari na matiti, mazungumzo hubadilika. Na kwa mwanamke aliyekoma hedhi kwa kawaida hutolewa ovari zote mbili pamoja na mirija, kizima kizima. Mwalimu akauliza kama hakiwezi kuvutwa maji kwa sindano. Hapana, maji hurudi, na kama ndani kulikuwa na kitu kibaya, sindano inaweza kukimwaga tumboni.

Hapa nimkatize daktari, maana kuna tarakimu zinazonifanya nikubaliane naye. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata wanawake 78,216 wa miaka 55 hadi 74. Nusu yao walipimwa kila mwaka, picha na damu, ili saratani ya ovari inaswe mapema. Wanawake 3,285 walipata majibu ya kutisha na baadaye ikajulikana hawana saratani. Kati yao 1,080 walipasuliwa wakati wa kuchunguzwa, na 163 kati ya hao waliopasuliwa wakapata madhara makubwa, angalau moja. Vifo vya saratani ya ovari havikupungua. Yaani walioumizwa kwa kutafuta amani ya moyo walikuwa wengi, na amani yenyewe haikuja. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa 2016, kinasema hivi kwa mwanamke aliyekoma hedhi: kifuko cha maji matupu, upande mmoja, chini ya sentimita 5, CA-125 ya kawaida, na mgonjwa hana dalili yoyote, kipimwe tena baada ya miezi 4 hadi 6, mwaka ukipita bila kubadilika au kikipungua, mama aachiwe aende zake.

Rudi kwenye yale maneno, mgonjwa hana dalili yoyote.

Daktari alikuwa ameyafikia. Akaiweka kalamu chini. "Mama, tuache picha kidogo. Siku ile ya kwanza kabisa, kabla hujapimwa popote, kilichokutoa nyumbani ni nini?"

Mama akamtazama mwanawe wa kiume, kisha akaitazama meza. Daktari akaona. Akaandika kitu kwenye kikaratasi. "Kaka, naomba ukalipie hii dirishani, foleni yake huwa ndefu." Kijana akatoka. Mlango ulipofungwa, mama akavuta kitenge mabegani na kusema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi naona damu."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu palizi."

Palizi nyingine ilikuwa inakaribia. Mwalimu akageuka kumtazama mama yake, mdomo wazi. Miezi yote ile ya ujumbe, karatasi, ng'ombe na nauli, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Alichunguzwa siku ile ile kwa kifaa cha kupanulia, kazi ya dakika chache ambayo haihitaji umeme wala mashine ya bei. Kwenye mlango wa kizazi kulikuwa na kidonda kinachovuja damu kikiguswa. Kikachukuliwa kinyama, kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka yalikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha imeshatoka nje ya mlango, imegusa nyama za pembeni. Katika hatua hiyo tegemeo haliwi tena kisu, huwa ni mionzi pamoja na dawa. Ultrasaundi ya Machi haikusema uongo iliposema kizazi ni cha kawaida. Picha ya juu ya tumbo haikuumbwa kuutazama mlango wa kizazi, na wengi hupewa karatasi ya aina hiyo wakadhani wamepimwa kila kitu.

Je, angechunguzwa Machi ingekutwa bado ndogo? Hilo hakuna wa kuliapia. Ila miezi minane si kitu cha kumpa ugonjwa kama ule bure. Ni saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa yanahesabu zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kila mwaka. Na ni moja ya saratani chache tunazozijua chanzo chake, kirusi kiitwacho HPV, ambacho chanjo yake wasichana wetu wamekuwa wakipewa nchi nzima tangu 2018.

Akasafirishwa kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Laela, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, akaanza mionzi akiishi kwa kifungua mimba. Siku moja kijana, aliyekuwa ameibeba ile bahasha kwa mwaka mzima, akamuuliza daktari wa huko: "Na ule uvimbe wa ovari je?" "Upi?" Daktari akarudisha kurasa nyuma, akatafuta, akauona kwenye ripoti ya picha, mstari wa chini. "Aa, huu. Huu upo tu." Akaendelea na yaliyokuwa mezani.

Kuna jambo lingine la kusemwa kuhusu miaka 58. Matangazo ya uchunguzi wa mlango wa kizazi, yale yanayopita na gari la vipaza sauti na kusomwa makanisani baada ya misa, huwaita zaidi wanawake wa miaka 30 hadi 50. Mama aliyevuka huko husikia na kuhesabu kwamba hayamhusu. Ameshamaliza kuzaa, ameshamaliza hedhi, wengine wameshamaliza hata mume. Umri huo umechaguliwa kwa sababu za haki: kipimo cha siki, kinachofanyika hata kwenye vituo vya kawaida vya afya, huona vizuri kwa wanawake wa umri huo, na hedhi ikikoma lile eneo linalopaswa kuonekana hujivuta ndani. Lakini uchunguzi wa mtu asiye na tatizo ni habari moja, na damu kwa mtu aliyekoma hedhi ni habari nyingine kabisa. Huyo hahitaji kusubiri tangazo, na kipimo cha siki peke yake hakimtoshi. Anahitaji kutazamwa kwa macho, na mara nyingi kuchukuliwa kinyama cha mlango au cha ndani ya kizazi. Hata kama doa ni dogo. Hata kama lilikuja mara moja likaondoka.

Mama aliporudi Laela baada ya mionzi, amekonda ila anatembea mwenyewe, mama mdogo alikuja kutoka Mpui kumpa pole. Safari hii hakuja na mkoba. Alikaa siku tatu akipika na kuchota maji, na usiku wa tatu, wakiwa jikoni wanachambua maharage, akamwambia kitindamimba bila kuinua macho kwamba hata yeye, tangu mwaka jana, huona vitu kama hivyo. Kidogo tu. Binti hakungoja kusikia kidogo ni kiasi gani. Alfajiri walikuwa barabarani wanasimamisha basi la kwenda mjini, na walipofika dirishani ni binti aliyeinama, akaomba wazungumze na muuguzi mwanamke, pembeni.

Yeye alipata majibu mengine. Kinyama kilirudi salama. Utando ulikuwa umekauka na kuwa mwembamba kwa kukosa homoni, sababu ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote kwa damu ya umri huo, na ambayo bado hakuna anayeruhusiwa kuikisia kabla ya kupima. Akapewa dawa ya kupaka. Katika kumpiga picha wakaona pia, upande wa kulia, kifuko kidogo cha maji. Daktari akamweleza ni cha aina gani, akamwandikia siku ya kurudi kwenye jalada la kadi, kwa wino, na kumwomba airudie kwa mdomo.

Wanawe walipopiga simu jioni kuuliza kipimo kimesema nini, aliwaambia kimesema arudi Machi.